Testi wiki ijayo na kichwa bado kinauma: kuendelea na chuo baada ya mtikisiko wa ubongo

SWALI: Shikamoo daktari. Nasoma mwaka wa pili, uhandisi ujenzi, hapa Mbeya, na nimepanga chumba Iyunga. Wiki tatu zilizopita bodaboda niliyopanda iligongana na bajaji maeneo ya Mafiati, nikaanguka, kichwa kikapiga lami. Nilipoteza fahamu kidogo tu. CT scan ilionyesha hakuna damu wala mfupa uliovunjika, nikaambiwa nipumzike. Wiki mbili nimelala chumbani pazia limefungwa. Sasa nikisoma slaidi kwenye kompyuta dakika ishirini kichwa kinauma na maandishi yanacheza. Darasani kelele zinanichosha hadi natamani kulia. Kuna siku naamka mzima kabisa, nasoma mchana kutwa, kesho yake siwezi hata kuinuka. Testi ya pili ni Jumatano ijayo, UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ni baada ya wiki saba. Mama yupo Makete, anataka niahirishe mwaka nirudi nyumbani. Ninayekaa naye chumba ananizuia kulala sana, anasema naweza nisiamke. Nifanye nini, na mpira nitarudi lini?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na lile la mama, kwa sababu ndilo lenye gharama kubwa. Kwa hali uliyoieleza, hakuna sababu ya kuahirisha mwaka leo. Watu wazima wengi waliopata mtikisiko wa ubongo hupona ndani ya wiki mbili hadi nne. Wewe uko wiki ya tatu, na mbili kati ya hizo zimepotelea gizani. Lakini testi ya Jumatano nayo usiifanye. Mambo hayo mawili hayapingani, kama utakavyoona.

Kwanza tuhakikishe hakuna jambo kubwa zaidi. CT scan safi ya siku ya ajali inatuliza moyo, ila haifungi kesi. Kuna damu ambayo hujikusanya polepole chini ya fuvu na dalili zake hujitokeza wiki kadhaa baadaye. Cha kuangalia ni mwelekeo. Maumivu ya mtikisiko hupanda na kushuka kufuatana na kazi uliyofanya, lakini ukilinganisha wiki na wiki unaona afadhali. Maumivu yakiongezeka siku hadi siku hata ukiwa umepumzika, ukitapika mara kwa mara, ukisinzia hadi watu wanapata shida kukuamsha, mkono au mguu wa upande mmoja ukilegea, ulimi ukiwa mzito, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, ukipata degedege, au majimaji maangavu yakichuruzika puani au sikioni, usisubiri kupambazuke. Nenda kitengo cha dharura, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, siku hiyo hiyo. Mwonyeshe huyo mwenzako aya hii, maana wewe mwenyewe ukifika huko huenda usijitambue.

Na umwambie pia akuache ulale. Hofu ya usingizi ni ya saa za mwanzo, kabla mtu hajaonwa na daktari, kwa sababu mtu anayezimika taratibu anaweza kudhaniwa amelala. Wiki ya tatu usingizi ni sehemu ya matibabu: ulale kwa muda wa saa nane hadi tisa kila usiku, uingie kitandani muda ule ule na uamke muda ule ule, hata Jumapili. Mchana pumzika nusu saa tu, kabla ya saa tisa alasiri, usije ukaharibu usingizi wa usiku. Kahawa ya Mbozi ni tamu, lakini iishie asubuhi. Vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo wanafunzi hukeshea viache kabisa, pamoja na pombe ya aina yoyote, ulanzi na komoni zikiwamo, mpaka uwe umepona.

Sasa tuje kwenye kiini cha tatizo. Ubongo ukitikiswa, mara nyingi hakuna kinachovunjika cha kuonekana kwenye picha. Kinachovurugika ni utendaji wa seli: potasiamu inatoka nje, kalisiamu inaingia ndani, na seli inalazimika kuchoma sukari nyingi ili kurudisha kila kitu mahali pake, huku damu inayofika ubongoni ikiwa imepungua. Kwa hiyo unafanya kazi ya kawaida ukiwa na akiba ndogo ya nguvu. Ni sawa na simu yenye betri iliyochoka, inayoonyesha asilimia sitini halafu inazima ghafla. Siku unayoamka mzima ndiyo siku ya hatari, kwa sababu unatumia akiba yote kabla ya saa kumi jioni, kisha unailipa siku mbili kitandani. Mzunguko huo ndio unaokuchelewesha kuliko ajali yenyewe.

Kule gizani nako kumekurudisha nyuma. Zamani ushauri ulikuwa ndio huo, na bado unatolewa. Wataalamu wa majeraha ya kichwa michezoni waliokutana Amsterdam mwaka 2022 waliuweka wazi mpaka wake: kupumzika kwa kiasi kwa saa 24 hadi 48, baada ya hapo mtu aanze kurudi kidogo kidogo kwenye shughuli zake. Macho yaliyofungiwa gizani wiki mbili hayastahimili mwanga. Masikio yaliyozoea ukimya yanaumizwa na sauti ya kawaida. Mwili uliolala mchana haujui tena usiku ni lini, na fikra za mtu aliye peke yake chumbani huwa nzito. Fungua pazia leo. Miwani ya jua ivae nje kwenye jua kali tu, si darasani. Pamba za masikioni nazo weka unapopita stendi au jirani anapofungulia sabufa, si kutwa nzima.

Kazi yako ya kwanza ni kupima, si kukisia. Chukua daftari dogo. Asubuhi ukiwa umekula, andika maumivu ya kichwa kwa namba, 0 mpaka 10. Tuseme ni 2. Washa saa ya simu, soma notsi zilizochapishwa, somo la ugumu wa kati. Namba ikipanda kwa mbili, yaani ikifika 4, simama, andika dakika ulizosoma, na uangalie inachukua muda gani kurudi. Kupanda kwa alama mbili au chini yake na kushuka ndani ya saa moja ni kawaida na hakudhuru chochote. Hili wengi hawaambiwi, wanaogopa kila maumivu. Kupanda zaidi ya hapo, au kubaki juu hadi usiku, maana yake kipande kilikuwa kikubwa mno.

Ukikuta umefika dakika 22, usipange vipande vya dakika 22. Chukua kama theluthi mbili yake, dakika 15, kisha pumzika 10. Vipande vinne kwa siku, viwili asubuhi, viwili alasiri, na uache kusoma saa inapolia hata kama unajisikia vizuri. Hapo ndipo wanafunzi wanaposhindwa, na kwa bahati mbaya wanaoshindwa zaidi ni wale wenye bidii. Siku mbili mfululizo zikipita bila namba kuzidi mpaka, ongeza dakika tano kwa kila kipande. Zikizidi, rudi kiwango cha juzi, si mwanzo. Ukifikia vipande vya dakika 40, anza kuongeza idadi yake. Kwa mwendo huo mwanafunzi aliye katika hali yako hufikisha saa mbili hadi tatu za kusoma kwa siku baada ya wiki mbili hivi, na zinabaki wiki za kutosha kabla ya UE. Mapumziko ya dakika 10 ni kufumba macho au kutoka nje kuangalia mbali. WhatsApp na video fupi si mapumziko. Kwa ubongo wako wa sasa ni kazi ngumu kuliko notsi zenyewe.

Si kila kusoma kuna uzito sawa. Kusikiliza rekodi ya mhadhara umefumba macho ni kwepesi. Kusoma karatasi kunafuata. Kukokotoa maswali ya mekanika ni kuzito zaidi, na kilele ni kuchora kwenye AutoCAD, programu ya michoro ya kompyuta, kwa sababu macho yanakimbizana na mistari myembamba na picha inayosogea. Kwa hiyo chapisha slaidi steshenari, mbili kwa ukurasa, siyo sita. Unapolazimika kutumia kompyuta, kuza herufi, punguza mwanga wa skrini ulingane na wa chumba, na sogeza ukurasa mmoja mmoja kwa kitufe badala ya kuburuza. Kazi nzito iwekee kipande cha kwanza cha asubuhi. Diskasheni ya watu sita wanaoongea kwa pamoja iahirishe kwanza. Mwite mmoja anayelielewa somo, akueleze kwa dakika ishirini.

Darasani rudi wiki hii, lakini si vipindi vyote. Chagua saa mbili kwa siku, zisizofuatana. Upendeleo uende kwa masomo ambayo mahudhurio au vitendo vina alama, na yale ambayo mwalimu haachi notsi. Kaa mbele kwa pembeni, mbali na spika na mbali na mwanga wa projekta, karibu na mlango ili utoke bila kusumbua watu. Omba ruhusa ya kurekodi. Karakana na sevei (upimaji wa ardhi) ya uwanjani ni suala la usalama: usipande jukwaa la ujenzi, usikaribie mashine ya kukata nondo, na usishike vifaa vizito ukiwa bado unapata kizunguzungu. Kusoma vipimo na kuandika kwenye kitabu cha sevei unaweza, na alama za kikundi zinahesabika vilevile.

Usafiri nao unakula akiba. Bodaboda acha kabisa kwa sasa. Si kwa hofu: kichwa kikipigwa tena kabla ya kupona, hata kwa pigo dogo, kupona huchukua muda mrefu zaidi, na mara chache sana madhara huwa mabaya mno. Bajaji kwenye matuta inarusha shingo. Kwenye haisi epuka viti vya nyuma juu ya tairi, kaa mbele na uangalie mbali barabarani, si kwenye simu.

Kuhusu testi. Kukaa kwenye mtihani kwa saa nzima bila mapumziko, kwa kasi, ukumbini, ndicho kipimo kigumu kuliko vyote, na wewe unaweza dakika ishirini. Ukiifanya utapata alama zisizo zako. Na ukishakaa ukafeli, ni vigumu mno kurudi na barua ya daktari na kueleweka. Karatasi zitangulie mtihani. Ukiomba kabla, unaweza kupewa testi maalumu au mtihani maalumu, ambao huhesabiwa kama wa mara ya kwanza na unabeba alama kamili. Ukienda ukafeli UE, unaangukia sapu, yaani mtihani wa marudio, na kwa vyuo vingi hata ukipata 80 kwenye sapu inaandikwa C. Tofauti hiyo inabaki kwenye matokeo yako ya mwisho.

Jumatatu asubuhi nenda kwa daktari aliyekuhudumia, ukiwa na kadi ya hospitali, majibu ya CT scan na nakala ya PF3, fomu ya matibabu ya majeruhi, kama ulipewa polisi. Usiombe barua ya "apumzike wiki mbili". Barua ya namna hiyo inakufungia nje, halafu ikiisha chuo kinakuona mzima. Omba barua inayotaja tarehe ya ajali, jina la tatizo, na mipaka kwa namba: hawezi kusoma mfululizo zaidi ya dakika 20 kwa sasa, asifanye testi kwa muda uliotajwa, akirudi kwenye mitihani apewe muda wa ziada na mapumziko katika chumba kisicho na kelele, asifanye kazi za karakana zenye hatari, na tarehe ya kuonwa tena. Toa nakala. Moja mpelekee Mkuu wa Idara, moja mratibu wa mitihani, moja ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ujumbe wa WhatsApp kwa mwalimu ni adabu njema, lakini hausimami kama ushahidi kwenye kikao. Mjulishe pia CR, mwakilishi wa darasa, ili jina lako lisikatwe kwenye orodha za vikundi, na usome kanuni za chuo kuhusu mahudhurio. Mara nyingi kiwango ni asilimia 75, na vipindi ulivyokosa kwa ugonjwa lazima viwe na karatasi.

Kuna mambo matatu ambayo huitwa "bado ubongo" kumbe yana tiba yake. La kwanza ni shingo. Aliyeanguka kwa kichwa ameumia na shingo, na maumivu yanayoanzia kisogoni, yanayopanda ukigeuka au ukiinamia daftari muda mrefu, hutoka huko. Baridi ya Juni na Julai ya huku kwetu huzidisha, kwa kuwa mtu hujikunja mabega siku nzima. Mtaalamu wa fiziotherapia atakupa mazoezi; nyumbani weka kitambaa cha uvuguvugu dakika 15. Usikubali kinyozi akuvunje shingo baada ya kukunyoa. La pili ni macho, na maandishi yanayocheza yananifanya nishuku. Shika kalamu mbele ya uso, isogeze taratibu kuelekea puani ukiangalia ncha yake. Ukiona ncha mbili kalamu ikiwa bado sentimita kumi au zaidi kutoka puani, macho hayakutani vizuri kwa karibu, na unahitaji kuonwa kitengo cha macho, si kuongeza mapumziko. La tatu ni kizunguzungu kikali cha sekunde chache ukijigeuza kitandani: hicho ni cha sikio la ndani, na mara nyingi daktari anakiondoa kwa kukulaza na kukugeuza kichwa kwa mpangilio maalumu, bila dawa.

Dawa kwa ufupi. Parasetamoli ya miligramu 500, vidonge viwili, ukirudia baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku. Angalia usije ukameza na dawa nyingine ya mchanganyiko ambayo ndani yake ina parasetamoli. Kwa wakati huu isizidi siku mbili au tatu kwa wiki, kwani dawa za maumivu zikitumika karibu kila siku kwa muda mrefu zenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa. Halafu kuna tabia yetu: kichwa kikiuma tu, mtu anasema ni malaria au taifodi. Kama una homa, pima. Kama kipimo hakionyeshi kitu, usimeze dawa ya malaria ya kubahatisha.

Tembea. Hili watu hulipuuza, lakini mazoezi mepesi yanayoanza mapema husaidia kupona. Dakika 15 kila siku, mahali tambarare kwanza, jambo linalohitaji kutafutwa Mbeya. Ukiwa na miaka 22, toa 22 kwenye 220 upate 198. Asilimia 55 yake ni mapigo 109 hivi kwa dakika. Shika kifundo cha mkono, hesabu sekunde 15: yakifika 27 umefika mpaka, punguza mwendo. Baada ya siku kadhaa bila dalili kupanda, fika asilimia 70, yaani kama 35 kwa sekunde 15, na hapo ndipo vilima vinaruhusiwa.

Turudi kwa mama. Safari ya Makete, iwe kwa Isyonje na Kitulo au kwa kuzunguka Makambako na Njombe, ni saa nyingi za kona, na ukifika utakuwa mbali na daktari wako na mbali na ofisi unazohitaji kuzifuatilia wiki hii. Kama shida ni chakula na kufua, afadhali mama au mdogo wako aje Iyunga wiki mbili. Mweleze hivyo kwa heshima, na umwahidi tarehe ya kuamua tena. Tarehe hiyo iwe wiki tatu kuanzia leo. Ukifika hapo, ukiwa umefuata mpango kwelikweli, bado hujaweza kufikisha saa mbili za kusoma kwa siku, au umeshapoteza zaidi ya robo ya vipindi, au huzuni imekuwa nzito hadi huli na hulali, basi kuahirisha kunakuwa uamuzi wa busara. Vyovyote itakavyokuwa, ukivuka wiki ya nne na dalili zingalipo, rudi hospitali upimwe upya shingo, macho, sikio la ndani na hali ya akili. Ukianza kupata mawazo ya kutotaka kuishi, nenda siku hiyo hiyo.

Ukiamua kuahirisha, pita kwa afisa mikopo kabla ya kusaini bumu (fedha za mkopo za kujikimu) linalofuata. Aliyeahirisha hapaswi kupokea fedha za kujikimu kwa kipindi ambacho hasomi, na kuzirudisha baadaye Bodi ya Mikopo ni usumbufu mkubwa. Uliza kwa maandishi mkopo wako utaendeleaje utakaporudi, ada uliyolipa itahamishwaje, na alama za testi ya kwanza zitabaki au zitafutwa.

Mpira unakuja nyuma ya masomo, si kabla. Ukiweza siku nzima ya chuo bila dalili, anza kukimbia kidogo peke yako. Kisha kukimbia na mpira. Kisha mazoezi na timu bila kugusana. Kila hatua ichukue angalau siku moja, na dalili zikirudi shuka hatua moja. Kabla ya mazoezi ya kugongana, daktari akuone na akuandikie ruhusa. Kupiga kichwa mpira kuwe cha mwisho kabisa. Na ukigongwa tena kichwani uwanjani, toka hapo hapo, hata kama mwamuzi hajapuliza na timu imebaki na watu kumi.